Pombe ya Kuondoa Msiba wa Mama Yako

Keza mwanangu,

Nina miaka sabini na mbili. Kama karatasi ya kambini inasema sitini na tisa, ni kwa sababu karani aliandika alivyotaka. Nimepita vita mbili na kambi mbili. Nimedumu kuliko redio nne, kuliko meno yangu yote ya juu, kuliko kila mwanamume niliyetoka naye Burundi kwa miguu, na kuliko wale wote waliosema sitamaliza mwaka mmoja hapa Johannesburg. Nimedumu pia kuliko mama yako, na hilo peke yake sijivunii.

Sasa ni mchana. Umeenda Yeoville kusuka nywele, na kwa ninavyowajua wale mama wa Kikongo na maneno yao, hutarudi kabla jua halijashuka. Kwa hiyo nina nafasi. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Cape Town kuanza unesi wako, na mimi kwa mdomo sitaweza kusema haya. Mdomo wangu unajua kujisifu na kugombana tu. Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha pekee ninayoweza kuandika. Herufi nilifundishwa kambini Kigoma, ndani ya hema, nikiwa na ndevu tayari. Mwalimu alisema hajawahi kuona mtu anayeshika kalamu kama jembe. Lakini nilikuwa wa kwanza darasani. Wa pili, ukimhesabu yule katekista. Wewe Kirundi chako ni cha salamu, na Kiswahili umekiokota hapa uani Bertrams kwa majirani, kisha unanijibu kwa Kiingereza. Sawa. Soma kwa sauti, polepole, utaelewa.

Sitakuambia ufunge mlango, wala ule vizuri, wala uchague marafiki. Hayo unayajua kuliko mimi. Nitakuandikia habari ya ndoo.

Unajua desturi yetu, maana mama yako alikueleza akiwa hai, lakini nairudia ili iwe kwenye maandishi. Kwetu mtu akifa, waliobaki wanakaa ndani ya msiba mpaka siku ya kunywa pombe ya mtama. Siyo bia ya dukani. Mtama uoteshwe nyumbani humo, upikwe humo humo, watu wakae kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Na mkuu wa nyumba aseme kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi, kwamba msiba umeisha, mwenye safari aende, mwenye shamba akalime. Bila maneno hayo watu wamekunywa tu.

Ulipopata barua ya hospitali ya Cape Town ulikuja ukakaa kwenye lile kreti langu jekundu, ukaniambia, "Papa, kwanza tumwondolee Mama msiba. Siendi nikiwa nimembeba."

Nikajibu, "Pombe nitapika mimi."

Ukacheka kidogo. "Papa, wewe hujawahi kupika hata chai."

"Nimekunywa pombe ya mtama tangu sijaota ndevu. Nani anaijua kuliko mimi?"

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na sikujua kwamba ni uongo. Mimi pombe naijua upande wa mrija. Miaka arobaini na moja Godeliva mama yako alipika, nami nikakaa nikasubiri kuitwa. Nilisema ni kazi ya wanawake. Hapa Johannesburg alipopika kwa ajili ya harusi na vipaimara vya watu wetu, nilikuwa naruka ndoo zake mlangoni na kulalamika kwamba nyumba inanuka. Kisha jioni nilikuwa wa kwanza kukaa, na wageni wakisifu, nilikuwa naitikia mimi. "Karibuni, karibuni, kwangu hakuna pombe mbaya." Kwangu! Yeye alikuwa jikoni anakamua machicha.

Na sasa nikuambie jambo ambalo hulijui. Wiki ile ya mwisho hospitalini, wewe ukiwa kwenye zamu yako, aliniita karibu. Sauti ilikuwa imebaki kidogo. Akasema, "Salvatori, sikiliza. Siku ya pombe yangu. Kimea usikiweke mpaka maji yakiwa..." Nikamkatiza. Nikamwambia, "Pumzika, utapika mwenyewe ukitoka." Nilifikiri nampa moyo. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekalia kofia yake mwenyewe, akafumba macho. Hakurudia. Maji yakiwa nini? Mwaka mzima nimelala na sentensi hiyo isiyo na mkia.

Basi mwezi wa tano nikaanza. Pale supamaketi wanauza kimea tayari kwenye pakiti, mtama mwekundu uliooteshwa ukasagwa, Wazulu wanakitumia kila siku. Jirani yetu Mzulu, Nomvula, ambaye uani wote tunamwita Gogo, yaani bibi, aliniambia ninunue hicho. Nikamwambia mimi siyo mtu wa pakiti. Nikaenda nikapata mtama wenyewe, nikauloweka siku nzima, nikauchuja, nikauweka kwenye karai pale nyuma ya kabati. Nikatafuta kitu cha kuufunika. Kwetu ni majani ya mgomba, hapa utayatoa wapi? Nikafungua sanduku la mama yako nikachukua kitenge chake cha bluu, kile cha ndege. Nikakuta kina madoa ya mtama upande wa ndani. Madoa ya zamani, yamefuliwa mara nyingi, hayatoki.

Nikakaa chini. Kumbe kila alipopika, kile kitenge kilikuwa kinatoweka siku tatu nne, naye anavaa cha kahawia. Mimi niliwahi kumgombeza kwa nini kitenge kizuri hakivai. Alikuwa anauvisha mtama.

Siku ya tatu asubuhi nilitia mkono chini ya kitenge. Keza, nje kulikuwa na barafu nyeupe juu ya mabati, maji ya bomba yalikuwa yamegoma. Ndani ya karai kulikuwa na joto. Siyo joto la kitenge. Joto la mtama wenyewe. Ulikuwa moto kama kifua cha mtoto aliyelala. Nikatoa mkono haraka, nikatazama kama kuna mtu amenichezea, kisha nikaurudisha. Kila punje ilikuwa imetoa mzizi mdogo mweupe, na mizizi imeshikana, ukiinua hapa na pale panainuka. Nimefanya kazi ya kulinda magari pale uwanjani miaka ishirini, halikuibwa hata gari moja mbele yangu, isipokuwa lile jeupe, na haikuwa zamu yangu. Nimeona watu wakipigwa risasi na nimeona mtoto akizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Sijawahi kuona kitu cha kunishangaza kama karai lile. Nafaka kavu, iliyokaa guniani sijui muda gani, inalala chini ya nguo na kupata joto bila moto. Na mwanamke yule aliliona hili kila mara, miaka arobaini na moja, hakuniambia. Au aliniambia, nikamkatiza.

Nikaukausha juani, nikausaga kwa kinu cha mkono cha Gogo. Kikatoka kimea kinachonukia kama mkate. Nikajisifu uani kote. Unakumbuka.

Halafu nikakiua.

Nilipika uji mzito wa unga kwenye sufuria kubwa, na ulipokuwa unatokota, unaruka, nikamwaga kimea chote ndani. Nilifikiri moto ndio unaofanya kazi, kama maharage. Nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Nikafunika, nikangoja. Kesho yake uji ni uleule. Keshokutwa uleule, mzito, wa kijivu, mwiko unasimama wima katikati. Siku ya nne ukaanza kunuka vibaya. Gogo akachungulia juu ya ukuta. Nakuandikia kwa Kiswahili, lakini unajua tunavyoongea, Kizulu chake na Kizulu changu kilichovunjika mguu, naye kuniita Madala, mzee.

"Hhayi, Madala! Umeua."

"Nimeua nini?"

"Kimea. Ni kitu hai hicho. Wewe nikikutumbukiza kwenye maji yanayochemka, kisha nikuambie ufanye kazi, utafanya?"

"Gogo, mimi nilikuwa nakunywa pombe hii kabla hujazaliwa."

"Ndiyo, kunywa. Na kwanza nani gogo yako? Umenipita miaka sita." Akacheka mpaka akashika ukuta. "Uji uache upoe. Utie kidole. Kidole kikivumilia, ndipo unaweka kimea. Mkeo hakukuambia?"

Maji yakiwa yamevumilika kwa kidole. Hiyo ndiyo sentensi. Hiyo tu. Nilipata mkia wake kutoka kwa Mzulu juu ya ukuta, na ningeupata kwa mke wangu kama ningenyamaza kwa muda wa kumeza mate.

Sasa sikiliza, hapa ndipo kosa lenyewe. Siyo lile la kuchemsha. Lile ni ujinga, na ujinga husameheka. Gogo siku ileile alisema, "Njoo Jumamosi tupike upya." Nilikwenda? Sikwenda. Nilikuambia wewe kwamba mtama umeadimika. Nilikuambia mgongo unauma. Wiki tatu, Keza. Wewe ulikuwa unarudi kazini umechoka, unauliza, "Papa, pombe vipi?" nami najibu, "Eish, baridi hii, haitaumuka." Nilijua unasubiri. Nilijua hospitali ile haiwezi kukungoja milele. Nikawaza, wakichoka watampa nafasi mtu mwingine, na mwanangu atabaki, na hakuna atakayesema ni mimi. Nilikufunga kwa msiba wa mama yako. Nilitumia kifo chake kama mnyororo wa geti. Naandika hivi ili uone imeandikwa, siyo umeambiwa na mtu.

Kilichonifanya nianze tena siyo wema. Ni siku ile ulipiga pasi nguo nyeupe za unesi, ukazikunja, ukaziweka kwenye begi, na kesho yake nikakuta umezitoa tena umezitundika. Nilitazama zile nguo nyeupe ukutani nikaona aibu kama niko uchi. Nikaenda kwa Gogo siku hiyohiyo, kisha nikaotesha mtama upya chini ya kitenge kilekile.

Safari hii uji niliuacha upoe, nikautia kidole. Uji ulikuwa mzito vilevile, mwiko umesimama katikati kama mlingoti. Gogo kasimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Weka. Kidogo kidogo. Koroga."

Nikaweka. Nikakoroga mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili. Nikauacha mwiko kidogo nifute jasho. Nikaona mwiko unainama. Polepole, peke yake, kama mzee anayesinzia kanisani, mpaka ukagonga ukingo wa sufuria. Nikatazama ndani. Uji ulikuwa umekuwa majimaji. Sikuongeza tone la maji, Gogo ni shahidi. Ule uji ambao ungeweza kuukata kwa kisu ulikuwa unatiririka kama maziwa.

"Onja," Gogo akasema.

Nikaonja. Tamu, Keza! Hakuna sukari mle. Hakuna asali. Unga na kimea na maji. Utamu ulitoka wapi? Nilimuuliza Gogo.

"Mimi sijui, Madala. Mama yangu alisema usiulize, koroga."

Wewe umesoma, labda unajua jina lake. Mimi sitaki jina. Nilivua kofia pale uani, mbele ya sufuria. Gogo hakunicheka, na yule mwanamke hucheka kila kitu.

Kesho yake tukaongeza konzi ya kimea kikavu, tukamimina kwenye ndoo. Baridi ilikuwa kali, na ndoo ikakaa kimya. Ndipo uliporudi asubuhi kutoka zamu ya usiku ukakiona kitanda changu.

"Papa, hii ni nini kitandani?"

"Ndoo."

"Naona ni ndoo. Kwa nini imelala?"

"Imeona baridi."

"Umeipa upande wa Mama. Na blanketi lake."

"Sasa ningeipa upande wangu, mimi nilale wapi?"

Ulicheka. Ulikaa sakafuni na viatu vyako vya kazi, ukacheka mpaka ukalia, kisha ukacheka tena. Tangu tumzike sikuwa nimesikia kicheko hicho. Halafu tukasikia kitu. Unakumbuka? Tukaweka masikio kwenye ndoo, wewe upande huu mimi upande ule. Ndani palikuwa panasema tsss, tsss, kama mvua nyepesi inayonyesha mbali. Hakuna aliyeiwashia chochote. Ilikuwa imeanza yenyewe.

Nikakosea tena, maana mimi ni mimi. Nikaogopa vumbi, nikaogopa mende, nikabana mfuniko kwa nguvu zangu zote na kuweka juu lile tofali la mlangoni. Wewe ulikuwa umelala. Adhuhuri nikasikia kishindo. Tofali liko sakafuni, mfuniko umeruka mpaka dirishani, na povu la rangi ya waridi linashuka taratibu juu ya blanketi la mama yako. Nilisimama pale na kitambaa mkononi, sikujua nifute au nipige magoti. Nafaka iliyokuwa kavu guniani ilikuwa imenirushia tofali.

Jana Jumamosi watu walikuja. Mzee Baltazari, yule fundi wa nguo wa Yeoville niliyekaa naye kambini, alikuja na mirija, kwa kuwa yeye peke yake alihifadhi ile ya matete. Wengine walitumia ya plastiki. Watu wa jumuiya ya kanisa walikuja, na Gogo alikuja na kiti chake. Chungu kikawekwa katikati. Nikapewa mrija wa kwanza, kama inavyopasa.

Nikavuta.

Ilikuwa yake. Siyo kama yake. Yake. Ule uchachu kidogo mwanzoni, kisha utamu unaokuja nyuma, kisha ile ladha ya udongo baada ya mvua. Nilifikiri vilikuwa mikononi mwake na vimezikwa naye. Kumbe vilikuwa kwenye mtama vikingoja mtu yeyote atakayetia kidole. Hata mimi.

Baltazari akanigusa goti. "Haya, mzee. Sema."

Wewe umesimama mlangoni na sinia. Nami nikafunga mdomo. Nikajua nikisema, mama yako anaondoka mara ya pili, nawe unaondoka nyuma yake, na mimi nabaki na kreti. Nikavuta tena. Baltazari akasema, "Salvatori, watu wanangoja." Nikasema pombe ni nzuri, kunyweni. Wakanywa. Wakaimba kidogo, wakaaga wakiangalia chini. Hakuna aliyeondolewa kitu.

Ulipokuwa unaosha vyombo hukunigombeza. Ulisema tu, "Nitaenda hivyohivyo, Papa. Nitambeba." Afadhali ungenitukana.

Leo ulipotoka kwenda kusuka, niliinua kile kitambaa juu ya ndoo. Palikuwa pamebaki kama robo. Bado ilikuwa inasema tsss, tsss, ingawa wageni walishaondoka na sherehe iliharibika. Nikamwita Gogo. Nikamuuliza kama naweza kuiweka friji nikutunzie, unywe siku utakaporudi kututembelea.

Akanitazama. "Hii? Keshokutwa ni siki. Hii pombe haikai, Madala. Ni ya jana na leo. Hukuipika uiangalie."

Nikapiga simu kwa Baltazari. Alikuja mawazo yake yakiwa bado kwenye cherehani, na futi ya kupimia shingoni. Nilimwambia alete mirija ya matete. Tukakaa watatu kuzunguka ndoo, uani, juani, Gogo upande wa ukuta. Nikavaa koti langu. Nikavua kofia. Nikasema kwa Kirundi, kwa sauti, mpaka wale Wakongomani wa ghorofani wakafungua dirisha. Nakuandikia nilivyosema, nisipunguze:

Godeliva amekwenda. Tumemlilia, inatosha. Msiba umeisha katika nyumba hii. Mwenye shamba akalime. Mwenye safari aende, na asimbebe mtu, kwa kuwa aliyekufa hana uzito. Uzito ulikuwa wangu, na nimeuchukua.

Hilo la mwisho siyo la desturi. Niliongeza mwenyewe. Baltazari alikohoa lakini hakunisahihisha. Kisha tukanywa mpaka machicha.

Kwenye begi lako, chini ya nguo nyeupe, utakuta kitenge cha bluu cha ndege. Kimefungwa fundo, na ndani kuna kimea. Kitakaa, ni kikavu. Siku utakayokuwa na jambo la kukusanya watu huko, pika uji, uache upoe. Hukuambiwa na mama yako kwa sababu mimi nilimkatiza, basi nakuambia mimi: kidole kwanza.

Kama utadhani mzee huyu ameandika tu ili ulale vizuri kwenye basi, usinisadiki mimi. Najua sifa yangu. Nenda hapo kando, umuulize Gogo Nomvula kama mwiko haukuinama na kama sikusema maneno yale. Kisha mpigie Baltazari. Simu yangu nimekuwekea chaji.

Baba yako,
Salvatori